Foreman alirudi akachukua ubingwa akiwa na miaka 45. Je, na mimi wa miaka 39 nirudi ulingoni?

Swali: "Shikamoo kocha. Nina miaka 39, nakaa Tanga. Niliacha ngumi za kulipwa mwaka 2014 baada ya kupigwa KO raundi ya tatu. Nilikuwa napigana kilo 61. Sasa nimerudi mazoezini na mwili umekubali kabisa. Nasikia George Foreman alipigwa na Muhammad Ali kule Kinshasa, akaja kuacha ngumi miaka kumi, akarudi na kuchukua mkanda wa dunia akiwa na miaka 45. Mzee mmoja hapa gym anabisha, anasema lile pambano lilipangwa, mtu mzima hawezi kumlaza kijana. Ukweli ni upi? Na mimi nikirudi kuna ubaya?"

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni mawili, lakini la pili limefichwa ndani ya la kwanza, kwa hiyo nivumilie nikuzungushe kidogo.

Kwanza msahau yule Foreman wa matangazo ya jiko la kuchomea nyama, babu mwenye kipara anayecheka na kila mtu. Foreman wa mwanzo hakuwa mtu wa kucheka. Alizaliwa Marshall, Texas, tarehe 10 Januari 1949, akakulia Houston katika mtaa wa Fifth Ward, mmoja wa watoto saba katika nyumba ambayo chakula hakikuwa cha uhakika. Shule aliiacha, akawa kibaka. Mwenyewe amesimulia jinsi usiku mmoja alivyojificha chini ya nyumba akikimbia polisi, akajipaka matope ili mbwa wasimnuse. Alijiona pale chini, amelala kwenye uchafu, akaelewa kwamba amekuwa mwizi. Hilo hakuwa amelifikiria kabla.

Kilichomtoa huko ni Job Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafundisha kazi vijana walioshindikana. Huko California akakutana na Doc Broadus, aliyemwona anapigana ovyo na wenzake, akamwambia aje apigane kwenye gym kama kweli ana ubavu. Pambano lake la kwanza la ridhaa lilikuwa mwanzoni mwa 1967. Oktoba 1968 alikuwa Mexico City, shingoni ana dhahabu ya Olimpiki ya uzito wa juu, baada ya kumsimamisha Jonas Čepulis wa Umoja wa Kisovieti raundi ya pili. Haikufika hata miaka miwili.

Kwenye michezo hiyohiyo alikuwepo Philip Waruinge wa Kenya, uzito wa unyoya. Waruinge alipata shaba tu, lakini kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote, alipewa yeye. Wengi wa vijana wetu hawalijui jambo hili na linanikera. Basi shika picha hiyo: ufundi ulikwenda kwa Mkenya mwenye shaba, dhahabu ikaenda kwa Foreman mwenye kilo nyingi na mikono mizito. Huyo Foreman wa nguvu bila ufundi ndiye aliyekuja kupatikana Kinshasa.

Aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1969. Alifanya mazoezi na Sonny Liston, bingwa wa zamani wa dunia, na kutoka kwa Liston akachukua jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, akachukua na ule uso wa kununa. Tarehe 22 Januari 1973, Kingston, Jamaica, akapanda ulingoni na Joe Frazier, bingwa ambaye hajawahi kushindwa na aliyekuwa amemwangusha Ali miaka miwili nyuma. Foreman alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Mara moja ngumi ilimnyanyua Frazier miguu yote ikaachana na turubai. Akaja José Román, Tokyo, raundi moja. Akaja Ken Norton, Caracas, raundi mbili. Jumlisha: mapambano matatu ya ubingwa, raundi tano hazikutimia.

Watu wanaona hizo ni sifa. Mimi kama kocha naona tatizo. Bondia anayemaliza kazi mapema kila siku hafundishwi na mtu kupumua. Hajui raundi ya saba ina ladha gani.

Ladha hiyo aliionja Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Mobutu, rais wa nchi hiyo wakati ule, alikuwa ameahidi dola milioni 5 kwa kila bondia, promota Don King akaunganisha mambo. Pambano lilikuwa lifanyike Septemba 25, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa wiki tano. Wiki tano hizo Ali alizitumia mitaani na watu. Foreman alikaa amejifungia. Alishuka nchini na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, asijue kwamba Wakongo waliwakumbuka mbwa wa aina hiyo mikononi mwa polisi wa Kibelgiji. Kabla ngumi haijarushwa alikuwa ameshapoteza uwanja mzima. "Ali, boma ye!" walikuwa wakiimba, na hicho ni Kilingala, maana yake "Ali, muue". Kwetu boma ni ngome, na mimi kila nikiirudia ile video naona maana zote mbili zinafaa, kwa sababu Ali alizigeuza kamba kuwa boma lake.

Raundi ya kwanza Ali alimpiga ngumi za mkono wa kulia bila kutanguliza jebu, jambo ambalo kwa kawaida ni dharau kubwa, maana mkono wa nyuma una safari ndefu na mpinzani anauona ukija. Foreman akapandwa na hasira. Kuanzia raundi ya pili Ali akaegemea kamba, viganja usoni, viwiko mbavuni, akamwacha apige. Foreman akapiga mikono, akapiga mabega, akapiga mbavu, kila ngumi ya nguvu zote, katika joto lile. Ali akawa anamnong'oneza kejeli na kumkumbatia shingo, akimlaza kichwa chini ili abebe uzito wake. Raundi ya tano mikono ya Foreman ilikuwa imeanza kwenda polepole kama mtu anayepiga ndani ya maji. Raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache kengele ilie, Ali akatoka kambani na ngumi kadhaa za haraka, ya mwisho ikiwa mkono wa kulia uliofika taya. Foreman akazunguka akaenda chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa, baada ya ushindi 40.

Alilalamika sana baadaye. Kamba zililegezwa, maji yalitiwa dawa, mwamuzi alihesabu haraka. Ilimchukua miaka kukubali kwamba alipigwa tu, kihalali. Nakwambia hili kwa sababu na wewe hujaniambia ulipigwaje mwaka 2014. Umesema KO, basi.

Baada ya Kinshasa alipotea. Mwaka 1975 huko Toronto alipigana na watu watano usiku mmoja, maonyesho ya aibu, huku Ali yupo pembeni ya ulingo anamzomea. Januari 1976 akapigana na Ron Lyle, na hapo ukipata muda tafuta raundi ya nne: Foreman chini mara mbili, Lyle chini mara moja, wote wawili wanayumba kama walevi. Alishinda raundi ya tano. Akampiga tena Frazier. Halafu tarehe 17 Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, Jimmy Young akamshinda kwa pointi, raundi 12, kwenye joto lilelile la kumkumbusha Kinshasa. Chumba cha kubadilishia nguo alizidiwa. Alisema aliona mauti, akamwita Mungu, akainuka hapo mtu mwingine. Akaacha ngumi. Akawa mchungaji wa kanisa dogo Houston, anahubiri hata barabarani, na mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana.

Hapa sikiliza kwa makini, kwa sababu hesabu yako na yake inaanza kuachana. Miaka kumi ile hakupigwa. Hakuwa gym anacheza mazoezi ya ulingoni na vijana kila Jumamosi. Kichwa chake kilipumzika miaka kumi mizima.

Alirudi kwa sababu ya fedha, na hakuficha: kituo cha vijana kilikuwa kinakaribia kufungwa. Machi 1987, Sacramento, alipanda na Steve Zouski akiwa na kilo 121. Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Wapinzani wa mwanzo walikuwa wa kuokoteza, na waandishi walimsema. Mimi sikuona kosa. Mtu aliyekaa nje miaka kumi unampa nani? Alishinda mapambano 24 mfululizo, likiwemo la Gerry Cooney alilolimaliza raundi ya pili, ndipo Aprili 1991 akapewa Evander Holyfield, bingwa wa dunia, wa miaka 28. Yeye alikuwa na 42. Akapigana raundi zote 12. Alishindwa kwa pointi, lakini hakuanguka, na kati ya raundi hakukaa kwenye kigoda. Alisimama kona, mikono juu ya kamba, anamwangalia Holyfield aliyekaa.

Vijana wakiiona video ile wanadhani ni majigambo. Yapo, sikatai. Lakini ukubwa wa kilo mia na ushee kukaa na kuinuka mara kumi na moja ni kazi, naye alikuwa amekuja kuhesabu kila senti ya nguvu. Huyu hakuwa Foreman wa Kinshasa. Mikono aliikunja mbele ya uso kwa mtindo wa mkingamo wa Archie Moore, mzee aliyekuwa kwenye kona yake tangu zamani. Jebu yake ikawa nzito kama ngumi ya nyuma ya mtu mwingine. Akaacha kukimbiza. Ngumi zake zikawa fupi, za umbali wa kama rula mbili tu.

Sasa tufike kwa mzee wako wa gym. Tarehe 5 Novemba 1994, MGM Grand, Las Vegas. Michael Moorer, miaka 26, mapambano 35 hajashindwa, mashoto (anayesimama mkono na mguu wa kulia mbele), alikuwa amemnyang'anya Holyfield mikanda ya WBA na IBF, vyama viwili vinavyotoa ubingwa wa dunia, miezi michache nyuma. Foreman alikuwa ametoka kushindwa na Tommy Morrison mwaka 1993, na WBA hawakutaka hata kulitambua pambano. Ilibidi aende mahakamani huko Nevada ndipo likaruhusiwa. Alivaa bukta nyekundu ileile ya Kinshasa. Na kwenye kona yake, amini usiamini, alikaa Angelo Dundee, mtu aliyekuwa kona ya Ali usiku ule wa 1974.

Raundi tisa Moorer alimpiga. Sipambi: uso wa Foreman ulivimba, na majaji wote watatu walikuwa wamempa Moorer uongozi, wawili 88 kwa 83, mmoja 86 kwa 85. Kocha wa Moorer, Teddy Atlas, alikuwa anampigia kelele kijana asisimame mbele ya yule mzee. Moorer akasimama. Alikuwa anashinda kirahisi, na anayeshinda kirahisi husahau.

Ukiwa na video, nenda raundi ya kumi, uiangalie bila sauti. Usimtazame Moorer, tazama mguu wa kushoto wa Foreman. Dhidi ya mashoto, mguu wa mbele unatakiwa uwe nje ya mguu wake, ili mkono wako wa kulia upate njia katikati ya glavu zake. Foreman anaupeleka pale taratibu, hatua ndogondogo. Anatoa jebu, anatoa mkono wa kulia, unamgusa kijana, unamsimamisha wima. Moorer hasogei. Jebu tena, ambayo haikukusudiwa kuumiza, ni ya kupima tu na kuziba macho. Halafu mkono wa kulia mfupi ulionyooka, kidevuni. Moorer akalala chali. Mwamuzi Joe Cortez akahesabu hadi kumi, na Foreman akaenda kona akapiga magoti.

Mwambie mzee wako hivi: bondia aliyepanga kuanguka huanguka na ngumi yoyote inayopendeza kwa kamera. Ile haikupendeza. Ilikuwa fupi kiasi kwamba ukumbi mzima uliiona baada ya mtu kuwa chini. Na aliyekuwa akifuatilia raundi ya nane na ya tisa aliiona ngumi hiyohiyo ikikosa kwa vidole viwili, ikirudi, ikikosa tena. Mimi naliona pambano halali kabisa. Mzee wako anaamini umri unaondoa kila kitu kwa pamoja. Sivyo. Miguu inaondoka kwanza, macho yanafuata, halafu mapafu. Uzito wa ngumi unabaki hadi mwisho. Muulize aliyewahi kupigwa kofi na babu yake.

Kilichofuata hakikuwa kizuri sana. WBA walimvua mkanda kwa kutopigana na Tony Tucker. Aprili 1995 akapewa ushindi dhidi ya Axel Schulz wa Ujerumani ambao kwa maoni yangu haukuwa wake, na mkanda wa IBF akauachia kuliko kurudiana naye. Novemba 1997 Shannon Briggs akapewa pointi ambazo wengi tuliona ni za Foreman. Hapo akatundika glavu: mapambano 81, ushindi 76, KO 68. Ile biashara ya jiko ilimpa fedha kuliko ngumi zote. Mwaka 1999 kampuni ya Salton ilinunua haki ya jina lake kwa dola milioni 137.5. Alifariki tarehe 21 Machi 2025 akiwa na miaka 76.

Sasa wewe. Katika mapambano yale 81, Foreman alisimamishwa mara moja tu, Kinshasa. Vipigo vingine vinne vyote vilikuwa vya pointi. Hata alipoacha 1977 aliacha kwa pointi. Wewe pambano lako la mwisho ni KO. Yeye alikuwa uzito wa juu, ambako mtu anaweza kusimama na kungoja ngumi moja. Kilo 61 hakuna kungoja. Ni uzito wa miguu na kasi, na hivyo ndivyo nilivyokwambia vinaondoka kwanza. Unaposema mwili umekubali, najua unamaanisha gunia na kamba. Gunia halirudishi ngumi, mdogo wangu.

Na kuna jambo nimelisubiri tangu nilipoanza kusoma barua yako. Umemtaja Foreman wa miaka 45. Mbona yule aliyempiga hukumtaja? Ali alipumzika miaka miwili, akarudi Oktoba 1980 kupigana na Larry Holmes. Alikuwa amepungua, tumbo limeingia, anapendeza kwa macho; kila mtu alisema mwili umekubali. Holmes alimpiga raundi kumi, inafika mahali Holmes mwenyewe anamtazama mwamuzi amwonee huruma, mpaka Dundee akasimamisha. Desemba 1981 akapigana tena, Nassau, na Trevor Berbick, akashindwa. Siku hiyo Ali alikuwa na miaka 39. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za Parkinson. Hakuna awezaye kukwambia ni ngumi ipi, wala kama ni ngumi peke yake. Lakini mwaka 1997, kwenye tuzo za Oscar, filamu ya pambano la Kinshasa iliposhinda, walipanda wote wawili jukwaani. Foreman ndiye aliyemshika Ali mkono kupandisha ngazi.

Kwa hiyo usisaini pambano lolote sasa hivi, hata kama promota amekuja na fedha mkononi. Nenda hospitali ya rufaa, mweleze daktari kwamba ulipigwa KO, na ujibu kwa kweli: ulizimia? Kwa muda gani? Uliumwa kichwa siku ngapi? Kuna maneno unayatafuta siku hizi huyapati? Omba kipimo cha kichwa na cha macho. Ukipata majibu, kaa miezi mitatu bila kupigwa kichwani, hata kwa utani na vijana wa gym. Gunia, kamba, kukimbia asubuhi, vyote ruksa.

Halafu niandikie tena. Niambie daktari alisema nini, sasa una kilo ngapi, na kama raundi ile ya tatu uliiona ngumi ikija au hukuiona.